MKRISMASI SIO MTI WA KRISMASI! Ule mti mwekundu wa Desemba unaitwaje hasa?

Leo hakuna siasa wala mpira, leo naongelea mti. Usifunge ukurasa kwanza. Kuna mtu kapoteza hela kwa sababu ya jina la mti huu, na jina hilohilo linaweza kukuulia nguruwe bandani.

Mti wenyewe mnaujua vizuri tu. Ni ule uliotanda kama mwavuli, ambao Novemba inapoingia unaanza kuwaka mwekundu, na Desemba unakuwa mwekundu mtupu mpaka chini panaonekana pametandikwa zulia. Unapandwa sana mbele ya maofisi, mashule na makanisa. Wengi tunauita mkrismasi. Waliosoma soma kidogo wanasema flamboyanti. Mzee mwingine atakwambia huo ni mjohoro na hataki ubishi.

Sasa jamaa yangu mmoja alitaka kupendezesha kiwanja chake, akapiga simu kwa muuza miche wa huko juu kwenye baridi, akaagiza miche 30 ya "mti wa Krismasi". Hela akatuma, mzigo ukapandishwa kwenye gari. Ulipofika, kumbe ni saipresi! Ile miti ya kijani yenye umbo la pia iliyogeuzwa, ambayo watu wanaipamba taa na pamba sebuleni. Jamaa akaja juu, akasema katapeliwa. Mimi nasema hapana bana, hakutapeliwa. Muuzaji alipeleka alichoombwa. Kwa mtu wa huko juu mti wa Krismasi ni ule unaopambwa. Kwa mtu wa Kyela ni ule unaotoa maua Krismasi. Saipresi unapenda baridi, na Kyela tuko chini, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, joto mnalijua. Ile miche ilinyauka mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na mti wenyewe halafu tuje kwenye majina.

Okota ua moja lililoanguka uliangalie kwa makini. Upana wake unakaribia sentimita 10, yaani kiganja. Lina petali 5. Nne ni nyekundu au nyekundu ya kuelekea chungwa, zimetanuka pembeni. Ya tano inasimama peke yake juu, kubwa kidogo kuliko wenzake, ina madoa na mistari ya nyeupe, njano na nyekundu, utadhani fundi aliishiwa rangi. Katikati kuna nyuzi 10 zinazobeba chavua. Nyuma ya petali kuna vifuniko 5 vilivyokuwa vinalinda tumba kabla halijafunguka, kwa nje ni vya kijani na kwa ndani vyekundu. Sasa vuta petali moja taratibu uing'oe. Utaona kule chini inabana, inakuwa nyembamba na ndefu kama ukucha wa ndege. Huo ukucha ukumbuke, kuna mahali utatufaa.

Jani nalo lina mambo yake. Kile kinachoonekana kama kijitawi chenye majani mengi, kitaalamu ni jani moja. Lina uti wa katikati unaofika nusu mita, kutoka kwenye uti zinatoka jozi za vijiti, na kila kijiti kimebeba jozi za vijani vidogo vidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ukihesabu vyote (mimi nilishia njiani hehehe) jani moja lina vijani mia kadhaa, mengine yanapita elfu. Ndio maana kivuli chake ni cha kuchuja, jua linapenya kwa vidonge vidonge.

Halafu tunda. Lile panga jeusi ambalo watoto wanapigania, lenye urefu wa nusu mita na mengine sentimita 60, gumu kama ubao. Lipasue uone mbegu zimepangwa kila moja kwenye kijumba chake. Hapo ndipo unagundua ukoo wa mti: ni wa jamii ya mikunde. Yaani mkrismasi, harage la kwenye sahani yako, karanga na ukwaju ni ndugu, tofauti ni ukubwa na tabia.

Na kwanini unachanua Desemba? Kwasababu huku kwetu kiangazi kinaanza kama Juni mpaka Oktoba. Mvua za Kyela ni nyingi, zinapita milimita 2000 kwa mwaka, lakini hiyo miezi zinapungua sana. Mkrismasi ukiona ukame unapukutisha majani, unabaki mifupa mitupu. Mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia, unatoa maua kwanza, majani yanafuata nyuma. Kwahiyo kwa wiki kadhaa hakuna kijani cha kuficha maua. Sehemu ambazo mvua hainyamazi mwaka mzima mti huu hauchanui kwa fujo hivyo. Unataka uteseke kidogo kwanza.

Lakini hii Desemba ni ya kwetu sisi tulio kusini mwa Ikweta. Kyela tuko kama digrii 9 na nusu kusini. Ukienda Florida, Marekani, mti huohuo unachanua kuanzia Mei mpaka Julai. Vietnam unachanua Mei na Juni, wakati shule zinafungwa, ndio maana kule unaitwa ua la wanafunzi, na mji wa Hai Phong unajulikana kama mji wa ua hilo jekundu. Ukimwambia Mvietnam huu ni mkrismasi atakushangaa. Ila hilo la wanafunzi mimi limenigusa, maana hata huku maua yanaanza Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha 4. Waliomaliza sekondari wanajua jinsi unavyotoka kwenye chumba cha mtihani na kukuta kitu chekundu kimewaka nje kama hakuna tatizo duniani. Kisiwa cha Réunion ndio kabisa: utumwa ulikomeshwa kule tarehe 20 Desemba 1848, na kila mwaka sikukuu ya ukombozi inakuta mti huo umechanua.

Sasa umetoka wapi? Wengi wanadhani wa Ulaya, kwavile unakaa mbele ya majengo ya serikali na misheni. Wengine wanasema India. Wote hapana. Ni wa jirani kabisa, Madagascar! Kwao kwenyewe ni kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa kisiwa. Na Madagascar nayo iko kusini mwa Ikweta, kwahiyo hata nyumbani kwao unachanua majira haya haya. Jina letu la mkrismasi linaonekana la mtaani, lakini kalenda yake ni sahihi kuliko majina mengi ya kizungu.

Aliyeutangaza duniani ni Wenceslas Bojer, mtu wa Bohemia (siku hizi ni Jamhuri ya Czech), aliyekuwa anaishi Mauritius na kuzunguka visiwani akikusanya mimea. Alienda Madagascar mwaka 1822, na mwaka 1824 alifika mpaka Zanzibar na Mombasa. Mti huu aliuona mashariki mwa Madagascar, akaupa jina Poinciana regia, na mwaka 1829 ukachapishwa na picha yake Uingereza kwenye jarida la Curtis's Botanical Magazine. Regia ni Kilatini, maana yake "wa kifalme". Hapo hakuna ubishi.

Poinciana ndio kichekesho. Hilo ni jina la mtu, Phillippe de Longvilliers de Poincy, Mfaransa aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Saint Kitts huko Karibi katika karne ya 17. Alifariki mwaka 1660. Jina lake lilipewa kwanza kichaka kingine cha Amerika chenye maua mekundu na njano, kile kinachopandwa sana kwenye nyua hata huku kwetu. Bojer alipoona mti wa Madagascar una maua yanayofanana akauweka kwenye kundi hilohilo. Kwahiyo mti wa Madagascar ukabeba jina la gavana wa Karibi ambaye alishakufa zaidi ya miaka 150 nyuma na hakuwahi kuuona hata kwa dawa. Na mpaka leo Poinciana ndio ua la taifa la Saint Kitts na Nevis. Mti wa Madagascar, jina la Mfaransa, ua la taifa la Karibi. Dunia hii.

Baadaye akaja Rafinesque, mtaalamu mmoja wa Marekani mwenye asili ya Ufaransa, mtu wa vituko aliyependa kubatiza mimea kuliko kula. Aliyapa majina maelfu ya mimea, mengi wenzake waliyatupa. Lakini hili moja alilenga. Aliona ua hili halifai kukaa na vile vichaka vya Amerika, mwaka 1837 akalianzishia kundi lake: Delonix. Kigiriki hicho. Sehemu ya kwanza ni "unaoonekana wazi", ya pili ni "ukucha". Ule ukucha wa petali niliokwambia ukumbuke! Kwahiyo Delonix regia ukiliweka kwa Kiswahili cha mtaani ni "ukucha wazi wa kifalme". Mimi nalipenda kuliko Poinciana, kwasababu hili ukilijua unaweza kulihakikisha kwa mikono yako mwenyewe chini ya mti. Lile la gavana utahakikisha wapi?

Wako ndugu zaidi ya 10 kwenye kundi la Delonix, wengi hawatoki nje ya Madagascar. Huku bara tunao wachache. Mmoja ni Delonix elata, upo sehemu kavu za kaskazini mwa Tanzania na Kenya. Maua yake ni meupe yanayogeuka njano yakizeeka. Ni mzuri, ila haujapata umaarufu.

Nadhani mmeona, hata hayo majina ya kisayansi yanahama. Na sisi watu wa huku hatutakiwi kushangaa, ziwa letu wenyewe tunagombania jina. Neno nyasa limetoka kwenye lugha za kusini mwa ziwa na maana yake ni ziwa tu, yaani tukisema Ziwa Nyasa tunasema ziwa ziwa. Ukivuka Kasumulu kwenda Karonga linageuka Ziwa Malawi. Maji yaleyale, dagaa walewale.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kubatiza miti. Unachukua neno lolote, unalibandika m- mbele, mti umepata cheti cha kuzaliwa. Karatusi, lililotoka kwenye jina la kizungu la mti, likawa mkaratusi. Arobaini likawa mwarobaini, kwavile watu wanaamini unatibu magonjwa 40. Krismasi likawa mkrismasi. Ni utaratibu mzuri na rahisi, shida inakuja jina moja linapobandikwa kwenye miti miwili.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo kwenye nguruwe. Kuna vitabu vya miti vya Afrika Mashariki ambavyo vinauita mkrismasi "mjohoro". Lakini Watanzania wengi wakisema mjohoro wanamaanisha mti mwingine kabisa, ule wenye maua ya njano, uliopandwa sana kwa kuni, mkaa na kukinga upepo. Jina lake la kisayansi ni Senna siamea, asili yake ni Asia ya kusini na kusini mashariki. Majani, maganda na mbegu zake vina sumu kwa nguruwe. Ng'ombe na mbuzi wanakula majani yake wala hawana habari, nguruwe anaumia na anaweza kufa. Kyela nani hafugi nguruwe? Sasa chukua mtu aliyesoma mahali kwamba "mjohoro" ni ule mwekundu mbele ya ofisi, halafu aone mti wa njano shambani, aseme huu sio mjohoro, akate majani atupie bandani. Kwisha.

Na kwa binadamu pia tuache mchezo. Thailand wanapika machipukizi ya mti huu kwa kuyachemsha na kumwaga maji kwanza. Lakini miaka ya mwisho ya 1990 kule vilitoka vidonge vilivyotengenezwa kwa majani yake, watu wakameza ili wapate usingizi, baadhi wakaugua ini. Kwahiyo ukiambiwa "chemsha mjohoro unywe", uliza kwanza mjohoro upi, halafu kama ni ule wa njano ujue unacheza na ini lako. Nenda hospitali.

Kuutofautisha ni rahisi sana. Jani la mjohoro limegawanyika mara moja tu, uti mmoja na vijani vikubwa vya kuhesabika kwa haraka. Jani la mkrismasi limegawanyika mara mbili, linaonekana kama unyoya. Maganda ya mjohoro ni membamba, mepesi, yananing'inia kwa mafungu. La mkrismasi ni panga.

Kinachosumbua zaidi wanunuzi ni jakaranda, ule wa maua ya zambarau, mhamiaji kutoka Amerika ya Kusini. Mche wa jakaranda na mche wa mkrismasi ukiviweka pamoja, hata wauzaji wengine wanachanganya, maana majani yote ni manyoya. Dawa yake hii hapa: angalia majani yanavyotoka kwenye shina. Kwenye jakaranda yanatoka mawili mawili yakitazamana, kama mikono. Kwenye mkrismasi yanapishana, moja huku, jingine juu kidogo upande wa pili. Hata mche wa futi moja unakuonyesha.

Upo na kifabakazi, nao mwekundu, wenyewe ni wa Afrika hii hii, Wakenya wanauhusisha na Nandi. Wazungu wakati mwingine wanauita huu na mkrismasi wote "mti wa moto", vurugu tupu. Ua lake ni kikombe kilichosimama, na tumba lake lina maji, ukilibonyeza linaruka kama bastola ya watoto. Jani limegawanyika mara moja. Huu kwetu ni mgeni mstaarabu ila visiwa vya Pasifiki kama Hawaii na Fiji umevamia misitu, mpaka umeingizwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani.

Haya, anayetaka kupanda. Usinunue mche kama una panga lilipo karibu, mbegu ni za bure. Shida ni kwamba ganda la mbegu ni gumu mno, ukiifukia hivihivi inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila habari. Ikwangue kidogo ubavuni kwa msasa au kwenye sementi mpaka uone rangi imebadilika, au mimina maji ya moto juu ya mbegu uache yapoe nazo humo usiku mzima. Iliyovimba ndiyo ya kupanda. Wiki moja mpaka mbili utaiona.

Sehemu ya kupanda ndio watu wanakosea. Mizizi yake inatambaa juu juu, inapasua sakafu na kuinua sementi ya baraza. Weka mita 8 mpaka 10 kutoka kwenye nyumba, na mbali na choo na mabomba. Matawi yake ni mapana na yanakatika kwa upepo mkali, na mnajua upepo unaotoka ziwani kuelekea Matema ukikasirika. Chini yake hata nyasi zinakataa, kwahiyo usitegemee bustani hapo. Na wale wa kakao mliouliza kama unafaa kivuli cha shamba, mimi nasema hapana. Kiangazi, wakati kakao inahitaji kivuli kuliko siku zote, huyu bwana ndio anavua nguo zote. Halafu tawi likianguka linaangukia mikakao.

Ukiagiza miche kwa simu, usiseme mkrismasi, usiseme mti wa Krismasi, usiseme mjohoro. Sema Delonix regia, mwandikie kwa meseji herufi kwa herufi, na omba picha ya jani. Jamaa yangu amefanya hivyo mara ya pili, imekuja ileile aliyotaka, ipo inafika kiunoni. Maua asubiri, mara nyingi inachukua miaka 4 au 5 na mingine inazidi hapo.

Kwa walioko Chunya, Songea, Bukoba, Pemba, Mombasa au hata Muscat: kwenu mti huu mnauitaje, na unachanua mwezi gani? Andika chini jina, mahali na mwezi. Na kama kuna anayeuita mjohoro, aseme na wa njano anauitaje.